Straiki zinayumba kwa sababu ya haraka

Kaka, umeuliza kwa nini straiki (mirusho inayohesabiwa dhidi ya mpigaji) unazoita ukiwa mwamuzi kwenye mechi za besiboli za vijana hapo Tanga zinayumba. Mara nyingi ni haraka. Fuata mpira kwa macho tu, kichwa kisitikisike, hadi utue kwenye glovu ya mdakaji. Tulia kidogo, ndipo uite. Mpigaji asipopunga gongo, straiki ni mpira uliogusa hata ukingo wa eneo la juu ya pleti (kibao cha chini kando ya mpigaji), upana inchi 17, kuanzia chini tu ya goti hadi nusu ya kati ya mabega na kiuno. Mdakaji akivuta glovu baadaye kuelekea eneo hilo, isikudanganye! Besi ya kwanza, ukiamua nani amewahi kati ya mkimbiaji na mpira, simama mita 5 hivi kutoka hapo: macho kwenye mguu wa mkimbiaji, masikio kwenye glovu inayopokea mpira. Kocha akiuliza kanuni, msikilize. Lakini straiki na boli (mirusho iliyopita nje ya eneo hilo bila mpigaji kupunga) hazijadiliwi.