Nunua matairi matano, si manne: radiali, nyuzi mshazari na spea ya Volkswagen Beetle

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu limenikumbusha kosa nililolifanya mwenyewe. Umesema umerithi kwa mjomba wako Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, yenye magurudumu ya bolti nne. Matairi yote manne yamepasuka pasuka ubavuni, na umempata muuzaji wa matairi mapya yaliyotengenezwa kwa sura ya zamani. Unauliza uchukue yale ya nyuzi mshazari, ambayo nyuzi zake za ndani hupishana kwa pembe, kama lilivyokuwa gari likitoka kiwandani, au uchukue radiali, ambazo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja, na kama spea iliyolala mbele, ambayo unasema haijawahi kugusa barabara, inaweza kubaki ili upunguze gharama. Nitaanza na hilo la spea, ingawa umeliweka mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Usiibakize.

Beetle yangu ni ya mwaka 1966, injini ya 1300. Nilipoinunua nilifanya hesabu kama unayoifanya wewe leo: nikanunua radiali nne mpya za kipimo cha 165R15, na mbele nikaiacha spea ya 5.60-15 ya nyuzi mshazari, iliyokuwa na kashata nzima, yaani yale meno ya uso wa tairi, na bado inang'aa. Miezi michache baadaye nikapata pancha gurudumu la nyuma kushoto. Nikafunga spea, nikajisifu kwa kazi safi, nikaondoka. Sikuwa nimefika mbali, na mwendo ulikuwa kama kilomita 70 kwa saa, nilipoona kwamba kila kona gari linageuka kwa namna mbili: kwanza upande mmoja wa nyuma unashika, kisha ule mwingine unateleza kidogo na kuuvuta mkia wote. Niliposimama kulitazama tairi nikakuta uvimbe ubavuni, mkubwa kama yai, na katikati ya kashata nyufa ambazo ukucha uliingia bila shida. Nikapangusa vumbi kuitafuta namba ya tarehe, na kumbe ilikuwa na tarakimu tatu tu, maana yake tairi lilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000. Halikuwa limetumika, lakini lilikuwa limezeeka.

Kwa hiyo ukifika nyumbani chukua tochi, ulitazame tairi la akiba ubavuni, na uitafute alama ya DOT, yaani herufi hizo tatu zikifuatiwa na namba ya kiwandani. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3508, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2008. Ukikuta tatu, usipoteze muda kulichunguza zaidi. Mpira huzeeka kwa hewa, joto na mwanga hata ukiwa umekaa, na mzigo wa buti la mbele juu yake haumsaidii mtu. Michelin wanashauri tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifikisha miaka kumi tangu lilipotengenezwa hata kama linaonekana zima, na ushauri huo unaihusu spea pia. Kanuni hiyohiyo itumie kwa muuzaji wako. Matairi ya mtindo wa zamani hutengenezwa kwa mafungu madogo na hukaa stoo muda mrefu kuliko matairi ya magari ya kila siku, kwa hiyo mwombe akupigie picha ya tarehe ya kila tairi kabla hujalipa. Mimi niliwahi kuletewa manne yenye tarehe mbili tofauti, mawili yakiwa yameshakaa miaka minne. Niliyarudisha mawili hayo, na muuzaji alinuna, lakini aliyapokea.

Sasa suala la nyuzi. Katika tairi la nyuzi mshazari, tabaka za nyuzi hupishana kwa pembe kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo ubavu na uso wa tairi ni kitu kimoja: ubavu ukipinda, uso nao unajikunja. Katika radiali nyuzi hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya kashata kunakuwa na mkanda, aghalabu wa waya za chuma, unaoushikilia uso ukae bapa barabarani wakati ubavu unapinda. Matokeo yake ni kwamba kwenye kona radiali inashika mapema na kwa nguvu zaidi, ilhali ya mshazari inakwenda kiupande kidogo kabla haijashika. Ukizichanganya kwenye ekseli moja, kama nilivyofanya mimi, kila upande unafuata sheria zake. Ukiweka radiali mbele na mshazari nyuma ni hatari zaidi, maana mbele kunatii usukani huku nyuma kunachelewa, na gari ambalo injini yake iko nyuma halihitaji kushawishiwa sana ili mkia utangulie.

Wahandisi wa Volkswagen walilijua hilo tangu mwanzo. Kitabu cha gari langu kinataka upepo wa psi (paundi kwa inchi ya mraba) 16 mbele na psi 24 nyuma nikiwa peke yangu na matairi ya mshazari, na watu wengi wakisoma hivyo hudhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa. Tairi la mbele lenye upepo mdogo linalegea kidogo kwenye kona, na kulegea huko ndiko kunakofanya gari liwe zito kugeuka mbele badala ya kupepesuka nyuma. Kwa radiali mimi hujaza psi 18 mbele na 27 nyuma. Fundi wa matairi akikujazia psi 30 kote kwa mazoea ya magari ya leo, mwambie apunguze, na usimwonee haya.

Je, uchague ipi? Ikiwa gari litakuwa la maonyesho, likienda kilomita chache tu na kurudi, tairi la nyuzi mshazari lina haki yake: sura yake ni nyembamba na ndefu, mabega yake ni ya duara, na hakuna radiali inayomdanganya mtu mwenye jicho. Lakini jua unachonunua. Mengi ya matairi hayo ya leo yana nyuzi za nailoni, na nailoni hulala. Gari likikaa wiki moja mahali pamoja, sehemu ya tairi iliyo chini inabaki bapa, na asubuhi utakapoondoka usukani utatetemeka kama una gurudumu lililopinda, hadi matairi yapate joto na kurudia umbo lake. Pia hufuata mifereji ya barabara, na wewe utashinda ukiurekebisha usukani. Nimeendesha gari la rafiki lenye matairi ya aina hiyo, nikateremka mikono imechoka. Ikiwa unakusudia kulitumia gari kwa safari za kweli, chukua radiali, wala usijione unaisaliti historia: Michelin walisajili hataza ya radiali mwaka 1946 na kuanza kuiuza mwaka 1949, miaka 20 kabla ya gari la mjomba wako kutengenezwa. Hata leo Michelin wana radiali iitwayo XZX ya kipimo cha 165 SR 15, yenye kashata za enzi hizo, na kampuni ya Coker ya Chattanooga, Tennessee, huuza radiali ambazo ubavu wake umefinyangwa ufanane na mshazari. Ya pili hiyo inapendeza, lakini kwa maoni yangu mtu analipia sura zaidi ya barabara.

Kwenye kipimo ndiko wengi wanakopotea. Maandishi 5.60-15 yana maana ya upana wa inchi 5.60 kwa rimu ya inchi 15, bila kutaja urefu wa ubavu, kwa sababu enzi hizo ubavu ulikuwa karibu sawa na upana. Radiali inayoshika nafasi yake ni 165R15, yaani upana wa milimita 165 kwa rimu ileile, na pale ambapo uwiano haukuandikwa ubavu ni takribani asilimia 80 ya upana. Muuzaji wa kawaida atakwambia, “165 ni 165,” akupe 165/65R15, ambayo ubavu wake ni asilimia 65 tu ya upana. Piga hesabu: ya 165/80 ina kipenyo cha milimita 645, ya 165/65 milimita 595 na nusu. Ukifunga hizo fupi, kipima mwendo kikisema 100 wewe uko kwenye 92, injini inapiga kelele bure, na gari limeshuka karibu sentimita mbili na nusu. Baya zaidi ni kuitumia kama spea ya dharura kwenye ekseli ya nyuma, kwa kuwa gurudumu hilo dogo litazunguka kama mara 41 zaidi ya mwenzake katika kila kilomita, na difa, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili ya nyuma, itasaga muda wote hata mkienda barabara iliyonyooka. Upande wa pili wapo wanaopenda mapana: tairi la 195/65R15 linataka rimu isiyopungua upana wa inchi 5 na nusu, na rimu za Beetle zetu ni za inchi 4 au 4 na nusu. Nilimwona mtu aliyelibana kwenye rimu ya inchi 4. Uso ulivimba katikati, na spea haikuingia shimoni hadi kifuniko cha mbele kikagoma kufunga.

Alama ya uzito na mwendo isikusumbue sana. Radiali ya 165R15 aghalabu huandikwa 86S, yaani kilo 530 kwa kila tairi na mwendo hadi kilomita 180 kwa saa. Gari langu mwisho wake ni 120, tena kwenye mteremko wenye moyo.

Rimu ya spea ichunguze kama mgeni. Beetle za zamani, kama yangu, zina bolti tano kwenye duara la milimita 205. Zako za bolti nne ziko kwenye duara la milimita 130. Gari likikaa miaka mingi, mtu huokota rimu yoyote ya Volkswagen na kuitupa shimoni ili nafasi isibaki wazi, na siku ya pancha ndiyo utakayogundua. Ikiwa idadi inalingana, tazama pia vikalio vya bolti: vingine ni vya mshazari kama koni, vingine vya duara kama mpira, na bolti ya aina moja kwenye kikalio cha aina nyingine itakaza mkononi mwako na kulegea barabarani.

Rimu za zamani nyingi hazina kile kituta kidogo kinachouzuia ukingo wa tairi kuteleza ndani upepo ukipungua, kwa hiyo mimi hutumia tyubu, na tyubu iliyoandikwa kuwa ni ya radiali, maana ubavu wa radiali hupinda sana na tyubu ya kawaida husuguka. Kabla fundi hajaifunga, ingiza mkono ndani ya tairi jipya uzunguke lote. Tyubu yangu ya kwanza ilitoboka baada ya wiki sita, na tulipofungua tukakuta karatasi ya kiwandani iliyobandikwa ndani, kona yake imejikunja na kukauka, imeisugua tyubu hadi ikatoboka tundu kama la sindano. Siku hizi nabandua kila kitu, nafuta, napaka poda, ndipo naruhusu.

Kuhusu ubavu mweupe uliouliza kwa kupita: nunua tairi ambalo weupe umechomwa pamoja na mpira wake, na uoshe ule utando wa rangi wa kinga kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Zile pete nyeupe za kuchomeka kati ya rimu na tairi nilizijaribu. Zilipigapiga ubavu kwenye mwendo na kuacha mstari uliosagika, nikazitoa siku hiyohiyo.

Katika gari lako spea ina kazi ya pili ambayo yangu haina. Kwenye Beetle za miaka yako maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la akiba, kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye valvu yake hadi kwenye chupa ya maji. Ndiyo maana spea hiyo hujazwa hadi psi 42, na njiani kuna valvu inayokata upepo kabla tairi halijashuka kiasi cha kutofaa kufungwa. Mpira huo ukipasuka, au mtu akichomeka kiungo kisicho na valvu hiyo, spea yako itakuwa imelala kila utakapoihitaji, nawe utalaumu tairi. Na ukiifunga barabarani ikiwa na psi 42, kumbuka kuitoa upepo hadi kiwango cha ekseli uliyoiweka, la sivyo utakuwa umerudi kwenye mkia wangu unaopepesuka.

Matano yakishafika, usiyafunge manne na kuliacha la tano kwenye mfuko wake wa nailoni. Lifunge nyuma, kisha mbele, uzungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, halafu liweke shimoni na ufunge kifuniko. Tumia jeki na spana zilizomo garini, si za fundi. Mimi niligundua kwa njia hiyo kwamba jeki yangu ilinyanyua vya kutosha kulitoa tairi lenye pancha, lakini haikufika juu kiasi cha kuliingiza lililojaa upepo, nikalazimika kuchimba udongo kidogo chini ya gurudumu kwa bisibisi.