Lisbon mkiwa wawili: kila mtu na chaguo lake kwa siku

Watu wakisikia unakwenda Ulaya kwa mara ya kwanza huuliza habari za baridi, viza na bei ya chakula. Sijamsikia anayeuliza mwenzako anatembea kwa mwendo gani, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloamua kama mtarudi nyumbani mkiwa bado mnasalimiana. Mimi na swahiba wangu tumejuana tangu bweni la sekondari, lakini hatufanani hata kidogo tukiwa ugenini. Yeye anataka aone vyote, apige picha, asonge mbele. Mimi nikiingia makumbusho nasoma kila kibao, mpaka vile vya kuelekeza chooni. Mji wetu wa kwanza ulikuwa Lisbon, Ureno, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko.

Viza niimalize haraka. Hata mkisafiri pamoja, kila mtu anaomba yake, na inawezekana mmoja akapata na mwingine akanyimwa. Ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kuanzia miezi 6 mpaka siku 15 kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na lazima uwe na bima ya afya ya kiasi kisichopungua yuro 30,000. Ongeeni mapema, tena kwa maneno ya wazi: mmoja akinyimwa, mwingine anaenda au anaahirisha? Mazungumzo haya yana aibu kidogo, ila yafanyike kabla hamjalipia tiketi ya ndege isiyorudishwa hela.

Sasa makubaliano tuliyowekeana sisi wawili. Kila siku kila mtu anachagua kitu kimoja anachotaka kukiona, na mwenzake anafuata bila kununa. Viwili kwa siku, basi. Mtakavyokutana navyo njiani ni nyongeza. Najua inaonekana kidogo, hasa ukishalipa nauli yote ile, lakini Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyoteleza vibaya mvua ikinyesha. Vaa raba zilizokwisha kuzoea mguu. Isitoshe, mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Macho yanakwambia bado mchana, kumbe miguu imekufa zamani.

Chaguo la kwanza la swahiba wangu lilikuwa tramu namba 28, ile ya njano inayopanda vichochoro vya Graça na Alfama. Ni nzuri kweli, ila pale Martim Moniz inakoanzia foleni huwa ndefu kuanzia katikati ya asubuhi, na ndani ni kubanana, jambo ambalo vibaka wanalipenda sana. Nendeni kabla ya saa mbili asubuhi, au mpandie mwisho wa pili, Campo de Ourique. Mkoba uwe kifuani. Shukeni Portas do Sol mtazame mapaa ya Alfama yakiteremka mpaka mto Tejo. Hapo hamlipi chochote.

Ile lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, sikuona sababu ya kuipangia foleni. Pandeni kwa miguu mpaka Largo do Carmo, jirani kabisa na kilele chake. Pale kuna kanisa la Carmo lisilo na paa, tao zake zikiwa wazi kwa mbingu tangu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Siku hiyo mji ulipigwa na tetemeko, mawimbi ya bahari na moto, na mitaa ya Baixa mnayoiona imenyooka chini huko ilipangwa upya baada ya hapo.

Chaguo langu mimi lilikuwa Belém, kitongoji cha Lisbon kando ya mto Tejo, na hapa naomba mnivumilie. Mtu wa mwambao hafiki Belém kama watalii wengine. Ukipanda tramu 15 unashuka mbele ya Jerónimos, nyumba ya watawa aliyoanza kuijenga mfalme Manuel wa Kwanza mwaka 1501, na sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwenye kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, mkono wa kushoto karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Watu wanapiga picha huku wakitabasamu. Sisi tulisimama tu. Swahiba wangu, ambaye huwa hasimami mahali popote, hakunihimiza tuondoke.

Jambo lililonigusa zaidi haliko Belém, liko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama alitia nanga Kilwa akamlazimisha mtawala wake kutoa dhahabu kama kodi ya utii. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon, na mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada kwa ajili ya Jerónimos, kilichokamilika mwaka 1506. Ni kazi ya sonara hodari: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, na kwenye kitako jina la Kilwa limechorwa waziwazi, kwamba dhahabu ni ya huko. Kama umewahi kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani ukaona magofu ya Husuni Kubwa, utajua kwa nini nilikaa pale muda mrefu. Kabla ya kwenda, angalieni kwenye tovuti kama pamefunguliwa. Makumbusho ya huko hufungwa kwa ukarabati mara kwa mara, na mengi hayafunguliwi Jumatatu.

Mkinunua tiketi zenye muda maalumu, andikeni saa kwa namna moja kwenye simu zote mbili. Tiketi ikisema 10:00, hiyo ni saa nne yetu, na mtu aliyechoka huchanganya kirahisi.

Hela: fungueni mfuko wa pamoja. Asubuhi kila mtu anatia kiasi sawa, mmoja anashika, na humo ndimo hutoka maji, chakula na nauli. Viingilio na manunuzi kila mtu ajitegemee. Kadi ya usafiri, Navegante, lazima kila mtu awe na yake, maana moja haiwapitishi wawili. Na mkikaa mgahawani, mhudumu akawawekea mkate, zeituni na jibini bila kuagizwa, msidhani ni takrima. Mkigusa mnalipa. Semeni hapana kwa heshima, ataviondoa, wala hakasiriki mtu.

Kwa anayetafuta chakula cha halali, mtaa wa Benformoso karibu na Martim Moniz una migahawa ya Wabangladeshi, na biryani utapata. Kwenye vioski vya kahawa mjini mtaziona sambusa zimepangwa kwenye kabati la kioo. Ulizeni nyama gani. (Na beba chupa ndogo ya maji mkobani. Vyoo vingi vya nje ni karatasi tu. Wa pwani mmenielewa.)

La mwisho, tenganeni. Kila baada ya siku kadhaa, kila mtu ashike njia yake tangu asubuhi, mkiwa mmepanga mahali pa kukutana pasipohitaji simu, kwa mfano chini ya sanamu katikati ya uwanja wa Rossio. Siku yetu ya hivyo, yeye alikwenda Sintra kuona kasri la Pena. Treni inatoka kituo cha Rossio, mwendo wa kama dakika 40, halafu basi 434 hupandisha watu mlimani. Tiketi ya kasri huwa na saa yake ya kuingia, kwa hiyo inunuliwe mapema. Mimi nilibaki mjini na kitabu, nikihama kivuli hadi kivuli. Usiku alinionyesha picha zote, kila mnara mara tatu. Nilizitazama moja moja bila kupiga mwayo, maana hilo nalo lilikuwa kwenye makubaliano.