Sauti ya Edda Dell'Orso inakwaruza mwishoni mwa santuri

Swali: Habari fundi. Nimenunua santuri iliyotumika ya muziki wa filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1968, C'era una volta il West. Mwanzoni inapiga safi, lakini sindano ikikaribia katikati sauti ya mwanamke inakwaruza. Harmonika nayo inakwaruza popote inapotokea. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Ndugu msomaji, usiihukumu santuri bado, na harmonika iache kabisa. Ukali ule ndio muziki wenyewe. Harmonika aliyopuliza Franco De Gemini, pamoja na gitaa la umeme lenye sauti iliyovurugwa makusudi, vilirekodiwa hivyo hivyo. Ukiitazama filamu hadi mwisho utaelewa kwa nini harmonika ile lazima isikike kama mtu anayekosa pumzi. Ennio Morricone aliutunga muziki kabla ya filamu kupigwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaupigisha pale pale waigizaji wakiigiza. Ukipunguza treble (sauti kali za juu) ili uusafishe, utakuwa umeuondolea roho.

Edda Dell'Orso, mwenye ile sauti ya mwanamke, ni kesi nyingine. Anaimba bila maneno, juu kabisa, na sauti yake inapaswa kutoka laini mpaka inapokatika. Ikikwaruza, kosa liko kwenye sindano au kwenye mfereji, yaani ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita.

Santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, ilhali mizunguko ya ndani ni mifupi kuliko ya nje. Ukingoni, sindano hupita kama sentimita 51 za mfereji kila sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi yale yale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na sindano yenye ncha ya mviringo hushindwa kuingia kwenye kona zake. Sauti kali ya kike ndiyo huumbuka kwanza.

Safisha ncha ya sindano, kisha piga santuri nyingine unayoiamini. Nayo ikikwaruza mwishoni, shughulika na mashine. Weka uzito wa sindano kama mtengenezaji wa katriji (kichwa kinachoshika sindano) alivyoagiza. Wengi huupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuzichimba kuta za mfereji. Hakikisha pia katriji imekaa sawa kwa kutumia kipimio cha karatasi. Halafu sikiliza spika moja moja: makwaruzo yakizidi upande wa kulia, mkono wa sindano unavutwa sana ndani, ongeza antiskeiti (kirekebishi kinachouvuta mkono kuelekea nje) kidogo kidogo.

Ikiwa ni santuri hii peke yake, ioshe kwa maji safi yatokanayo na mvuke uliopoozwa (distilled water) na tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe. Makwaruzo yakibaki, mfereji umeliwa na sindano nzito ya mwenye nayo wa zamani, na plastiki iliyokwisha hairudi. Hapo tafuta sindano yenye ncha ya duaradufu. Huweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia, na nimeona santuri zilizokatiwa tamaa zikipata nafuu kubwa kwa njia hiyo. Ijaribu kabla hujamrudishia muuzaji.