Kabla hujanunua ruta, pitia kwanza Keko

Juu ya kabati la chumba cha watoto kuna sanduku la plastiki la kijani. Mama watoto ameligeuza kigoda: akitaka kushusha mablanketi, analiteremsha na kulikanyaga. Ndani yake kuna ruta, ile mashine ya kuchonga mifereji na mapambo ya kingo za mbao. Niliinunua Kariakoo mwaka 2021 kwa shilingi 210,000, na hapo muuza duka alikuwa ameanzia 260,000, kwa hiyo nilijiona mjanja. Nilirudi nayo kwa bodaboda nimeipakata kama mtoto mchanga.

Tangu siku ile nimeiwasha mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kusikia inavyonguruma. Mara ya pili nilikuwa namwonyesha shemeji.

Mimi si fundi. Nashinda ofisini mbele ya kompyuta, na Jumamosi naranda mbao uani. Hadi sasa nimetengeneza stuli sita, meza mbili, kabati moja la viatu, na kitanda cha tano kwa sita ambacho sitaki kukizungumzia. Watu wakijua nina mapenzi hayo huniuliza waanze na mashine gani. Nami huwauliza wanataka kutengeneza nini. Wengi hukaa kimya kidogo, halafu wanasema, "Bado sijajua, ila nataka niwe na vifaa kwanza." Hapo huwa najiona mwenyewe miaka ile, niko Gerezani nachungulia duka moja baada ya jingine, hela ya bonasi iko mfukoni inaniwasha.

Chanzo cha ugonjwa wangu kilikuwa video. Unamkuta Mmarekani ana gereji kubwa kuliko nyumba yangu, ana msumeno wa meza, mashine ya kuranda na mashine ya kupunguza unene, zote zimeunganishwa na bomba la kunyonya vumbi. Anatengeneza kisanduku cha kuwekea chumvi. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba yule bwana hana namna. Akinunua mbao isiyorandwa, jirani yake hana mashine, na fundi wa mjini kwao atamtoza fedha ya kumliza. Anamiliki mashine zote zile kwa sababu mtaani kwake hakuna Keko, ule mtaa wa mafundi fanicha wa Dar es Salaam ambako unapeleka mbao zako, unalipa, unarandiwa.

Sisi tunayo. Na kama hukai Dar es Salaam, mji wowote wenye mafundi wa fanicha una mahali pake, pale unapokuta milundo ya maranda na vijana weupe vumbi hadi kope. Mara ya kwanza nilipopeleka mbao Keko nilikuwa na vipande sita vya mninga, inchi moja kwa nane, vimepinda kidogo na vina alama za msumeno kama mbavu. Kijana wa mashine hakuniuliza hata jina. Alikishika kipande cha kwanza, akafumba jicho moja kuangalia mpindo, akakigeuza, akakisukuma. Upande wa pili ukatoka ubao mwingine kabisa: laini, wekundu wa kahawia wenye mistari, na ile harufu ya mninga mbichi ikanijaa puani. Vipande sita vilimaliza kama dakika kumi. Nililipa 6,000, nikampa na ya soda.

Nilikuwa nimeshaulizia bei ya mashine ndogo ya kuranda ya kuweka nyumbani. Ilikuwa inakaribia milioni moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe ni safari ngapi za Keko hizo, na bado hujaweka kelele za kuwaamsha majirani, uniti za LUKU, wala visu vya kubadilisha vikiliwa na msumari uliojificha ndani ya mbao.

Turudi kwenye ruta, maana bado inaniuma. Nilidhani nikishapata mashine nimemaliza. Kumbe mashine yenyewe haichongi kitu bila visu, na visu vina shina linaloingia kwenye mdomo wa mashine. Yangu ilikuja na mdomo wa milimita 12. Visu nilivyovipata madukani vingi vilikuwa vya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Hiyo tofauti ukiitazama kwa macho huioni, ila haviingii, na hata ukivilazimisha haviingii. Nilizunguka Kariakoo nzima na ruta kwenye mfuko, kila duka naambiwa "Bosi wangu, ngoja nikuletee", kijana anapotelea vichochoroni, anarudi na kisu cha nusu inchi.

Nikaenda kumlilia mzee mmoja wa Keko ambaye huniruhusu kukaa pembeni ya benchi lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umebeba nini tena leo?"

Nikamweleza. Akaniuliza huo mfereji nautaka wa nini. Nikamwambia ni wa kuingizia ubao wa nyuma wa kabati la viatu. Akachukua patasi ya nusu inchi, akapiga mistari miwili kwa kisu akifuata skwea, akaanza kugonga taratibu huku tunaongea habari za Simba na Yanga. Kabla chai yangu haijapoa mfereji ulikuwa tayari. Haukuwa mzuri kama wa mashine, lakini uko nyuma ya kabati, na nani atahamisha viatu vyote akaukague?

Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba fedha yangu ilikuwa inakwenda kununua kitu nisichonacho mikononi. Nilikuwa na seti ya patasi kumi na mbili ndani ya pochi nzuri ya ngozi bandia, na zote butu. Sikuwa najua kunoa. Mzee alinifundisha njia ambayo hadi leo naitumia: kipande cha kioo cha dirisha, juu yake msasa wa maji namba 1000, ule wanaotumia wapiga rangi wa magari, matone machache ya maji, halafu unaisugua patasi ukishikilia mlalo uleule bila kuyumba, kati ya nyuzi 25 na 30. Ikiwa tayari inanyoa malaika ya mkono. Kioo nilipewa bure na fundi wa aluminiamu. Msasa ni bei ya andazi na chai. Katika zile patasi kumi na mbili natumia mbili, ya nusu inchi na ya inchi moja. Nyingine naziona nikisafisha stoo.

Na wakati nimejaza mashine zisizofanya kazi, sikuwa na klampu hata moja ya kubania mbao. Meza yangu ya kwanza niliunganisha mbao kwa gundi, nikazibana kwa kamba ya katani na kuziwekea matofali juu. Asubuhi nikakuta gundi imekauka na katikati kuna mwanya unaopitisha sarafu. Meza ile ipo hadi leo, watoto hutumbukiza maganda ya karanga mle. Kwa fedha ya ruta ningenunua klampu ndefu za kutosha meza na kitanda, na chenji ikabaki. Lakini hakuna anayeingia dukani akahisi moyo kumdunda kwa sababu ya klampu.

Kosa jingine ni la mtumba. Nilikuta drili ya Kijapani mnadani, nzito, imetengenezwa vizuri, elfu thelathini tu. Sikugeuza kusoma kibandiko chake. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ilizunguka kwa kasi ya ajabu, nikafurahi, kisha moshi ukatoka kwenye matundu ya pembeni. Kwa hiyo ndugu yako akikuahidi mashine kutoka Marekani, mwambie mapema kwamba kule ni volti 120, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo ni gharama nyingine na mzigo mwingine wa kubeba.

Si kila nilichonunua bila sababu kimekuwa hasara, sitaki kudanganya. Kwenye mkeka wa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu niliokota keekee ya kuzungusha kwa mkono, 8,000, imeshika kutu. Niliinunua kwa sababu ilinikumbusha babu. Sasa umeme ukikatika Jumamosi, na hukatika, ndiyo inayotoboa matundu yote. Siwezi kusema niliona mbali. Ilikuwa bahati.

Siku hizi nina karatasi nyuma ya mlango wa stoo. Kazi ikikwama kwa kukosa kifaa, naandika jina la kifaa na kazi iliyokwama, halafu naazima, nakodi, au napeleka Keko. Kifaa kikiandikwa mara ya tatu, nanunua, na hapo nanunua kizuri, siyo kile cha rahisi kabisa. Klampu zilifika mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mikunjo, iliandikwa mara moja mwaka juzi, mpaka leo iko peke yake.

Vitu vya kujikinga siviweki kwenye karatasi hiyo. Miwani na barakoa nunua siku ileile unayonunua msumeno. Vumbi la mninga linawasha pua na kuleta kikohozi kisichoisha, uliza yeyote aliyekaa nalo.

Haya nayasema kwa mtu wa Jumamosi kama mimi. Kama wewe ni fundi na umepewa oda ya madawati arobaini ya shule, usinisikilize; mashine itajilipa kabla oda haijaisha, na kila siku unayochelewa kuinunua unampa mwenzako kazi.

Jigso nilikuwa nayo, nimesahau kusema. Niliuza kwa jirani wa nyumba ya tatu, kijana anayejenga, kwa nusu ya bei niliyonunulia. Aliniambia ana mpango wa kutengeneza makabati yake yote ya jikoni mwenyewe. Wiki iliyopita kanikuta getini, akasalimia, akazungukazunguka na maneno, mwisho akasema ana jigso ndani, haijatumika, kama nitaihitaji.

Nikamuuliza bei.