Maswali Yenu: Uwanja wa Chuo Ulioboreshwa kwa Kupunguzwa

SWALI: Mhariri, hapa Njoro tumebishana kuhusu bao ambalo Roger Milla wa Kameruni alilifunga katika Kombe la Dunia akiwa na umri wa miaka 42. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba lilifungwa katika uwanja wa chuo kikuu, na kwamba uwanja huo ulipokarabatiwa baadaye, viti vyake vilipunguzwa. Je, kuna mtu anayekarabati uwanja kwa kuupunguza?
Msomaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Mwenzenu amesema kweli katika yote mawili. Uwanja wenyewe ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, na bao hilo lilifungwa tarehe 28 Juni 1994 dhidi ya Urusi, ingawa halikuwafaa Kameruni kitu, kwa kuwa walilazwa 6-1, Oleg Salenko akipachika mabao 5 peke yake.

Uwanja huo ulijengwa mwaka 1921 kwa muda usiotimia miezi 5. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu mafundi hawakuinua majukwaa marefu ya zege, bali walichimba katikati, wakaurundika udongo uliotoka humo kuwa tuta la kuuzunguka uwanja, kisha wakapanga mabenchi ya mbao kwenye mteremko wake. Ulikusudiwa kandanda ya Kimarekani, lakini pia ulikuwa na njia ya riadha, na ndipo mwaka 1962 Valeriy Brumel wa Umoja wa Kisovieti aliporuka juu mita 2.26 na kuweka rekodi ya dunia ya mruko wa juu.

Njia hiyo hiyo, hata hivyo, iliwaweka mashabiki mbali na mchezo, na viti vyenyewe vilizidi 85,000, idadi ambayo mechi za kawaida za chuo hazikuweza kuijaza. Kwa maoni yangu, uwanja mkubwa ulio nusu tupu humvunja moyo mchezaji kuliko uwanja mdogo uliofurika. Basi msimu wa mwaka 2005 ulipomalizika mwezi Novemba, ubomoaji ulianza mara moja, chini ya John Arrillaga, mjenzi tajiri aliyewahi kuichezea Stanford mpira wa kikapu, na kufikia Septemba 2006 mechi zilikuwa zimerejea. Njia ya riadha iliondolewa, viti vikasogezwa karibu na nyasi, na idadi yake ikashuka hadi takriban 50,000.

Wanariadha hawakuachwa hivi hivi, kwani wana uwanja wao mwingine chuoni humo. Bila hilo, uamuzi kama huo ungezua mzozo mkubwa huku kwetu Bonde la Ufa. Kilichopotea ni nafasi ya umati kama ule wa tarehe 4 Julai 1994, Brazil ilipoifunga Marekani 1-0 mbele ya watazamaji 84,147, ambao leo wasingeenea humo.