Jibu: Kioo cha mbele kimepata ufa, nibadilishie Mbeya au nirudi nacho Dar?

Mkuu, pole kwa jiwe lililopasua kioo cha gari lako pale mlima Kitonga. Usirudi nacho Dar. Ufa ukishagusa ukingo, baridi ya asubuhi ya huku na matuta ya barabarani vinaurefusha haraka. Ulizia mafundi vioo Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya.

Nilipobadilisha changu, shida ilikuwa gundi inayoshika kioo. Fundi mmoja alinikabidhi gari baada ya saa moja tu. Mvua ya kwanza, maji yakamwagika hadi kwenye dashibodi! Kwenye baridi gundi hukauka taratibu, kwa hiyo gari lilale hapo kwa fundi. Simama uone anakwangua gundi ya zamani na kutu yote. Usiku huo acha dirisha wazi kidogo na usibamize milango, maana hewa husukuma kioo kabla hakijashika.