Oksijeni kwanza, unga baadaye
Umeuliza kwa nini vidonge viwili vya YBCO (kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa vya kutosha) vya unga uleule, kimoja kinaelea juu ya sumaku na kingine kinakaa tu kama kokoto. Mimi ningeshuku oksijeni. Fomula ni YBa₂Cu₃ na oksijeni kati ya 6 na 7. Ikikaribia 7, ukinzani wa umeme unapotea kwenye kelvini 93 hivi, kwa hiyo nitrojeni kimiminika (kelvini 77) inatosha. Ikiwa karibu na 6, umeshika kihami, kitu kisichopitisha umeme. Kidonge kilichotolewa tanuruni kikapozwa haraka hakikupata muda wa kunyonya oksijeni. Kirudishe, kikae saa kadhaa kwenye nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi huku oksijeni ikipita, kisha kipoe polepole.

Oksijeni hiyo ya ziada huvuta elektroni kutoka matabaka ya shaba na oksijeni, na nafasi zinazoachwa wazi ndizo zinazobeba umeme. Kwenye La₂CuO₄, kauri nyingine ya jamii hiyo, kazi hiyo hufanywa na strontiamu ikichukua nafasi ya lanthanamu: kilele hufikiwa strontiamu ikiwa kama 0.16 katika fomula, na hapo ukinzani hupotea karibu na kelvini 38. Pitisha 0.27 hivi na hali hiyo ya kutokuwa na ukinzani inatoweka, kama mchuzi uliozidi chumvi.

Na mahali unapoweka atomu ngeni pana maana kuliko kiasi chake. Weka gadoliniamu, yenye usumaku wake, badala ya itriamu kwenye YBCO: ukinzani bado unapotea kwenye zaidi ya kelvini 90. Weka zinki kidogo tu mahali pa shaba, joto hilo linaporomoka.